UKIMWONA NINGA, TUAMBIE UMEMWONAJE

Jioni ya kuutafuta mwezi mwandamo, sisi watu wa pwani hupanda madarini na kusimama mahali pa wazi, nyuso zetu zikaelekea magharibi. Mara mtu mmoja hupiga ukelele: "Ule pale!" Lakini hatufungi wala hatufungui kwa ukelele wake. Huletwa mbele ya masheikh akaulizwa kwa upole: Umeuona saa ngapi? Ulikuwa juu kiasi gani? Pembe zake zilielekea wapi? Kulikuwa na wingu? Nani mwingine aliyekuwa nawe? Na mara nyingine mtu yule aliyekuja kwa kishindo huondoka kimya, kwani katika kujibu amegundua mwenyewe kwamba alichokiona ni ncha ya wingu iliyopigwa na mwanga. Hakusema uongo, maskini. Macho yake yalitamani kuona, basi yakaona.

Nimeanza na mwezi, msomaji mpenzi, ingawa ninalotaka kulisema leo ni jambo la njiwa. Maoni yangu ni kwamba kumtambua ndege adimu wa msituni ni ushahidi kama ushahidi mwingine wowote, nao una masharti yake. Na sisi Waswahili, ambao lugha yetu ilikuwa na majina mazuri ya ndege hawa, tunaelekea kuwa mashahidi wasioweza kuulizwa lolote, kwa sababu hatujui tena tunachokitazama. Mimi mwenyewe nilikaribia kutoa ushahidi wa aina hiyo, na kisa chake ni hiki.

KISA CHA GWASI

Nilialikwa arusini Kendu Bay, mji mdogo wa ziwani katika kaunti ya Homa Bay. Waislamu wamekaa huko siku nyingi na msikiti wao ni wa zamani, hata mgeni wa kutoka Mombasa hujiona amefika kwa jamaa zake. Arusi ilipokwisha, mwenyeji wangu, mzee wa Kijaluo aliyewahi kufanya kazi Mombasa na anayekisema Kiswahili vizuri, alinichukua kutembea. Tukapita kando ya Mbuga ya Ruma katika bonde la Lambwe. Mbuga hiyo ilitengwa mwaka 1966 na kufanywa mbuga ya taifa mwaka 1983. Ina kilomita za mraba 120 tu, lakini ndimo alimobakia yule swala mkubwa aitwaye korongo, ambaye kwingine nchini Kenya amekwisha. Ndimo pia anamokuja mbayuwayu wa buluu, ambaye huzalia nyanda za juu za kusini kisha akahamia huku katikati ya mwaka.

Tulipanda gari hadi chini ya vilima vya Gwasi. Jua lilikuwa likishuka upande wa ziwa. Bondeni palikuwa na mkuyu mmoja mkubwa uliojaa makuyu, na katika tawi la juu nikamwona ndege. Alikuwa njiwa mnene, mweusi, na kisogoni ana doa jeupe.

Moyo ulinidunda. Nilikuwa na kitabu cha ndege mkobani, na nilikumbuka picha. Yuko njiwa wa msituni ambaye dume lake lina ukosi mweupe nyuma ya shingo. Vitabuni huitwa kwa jina la Delegorgue, Mfaransa aliyezunguka kusini mwa Afrika akamwandika mwaka 1847. Hapa kwetu hukaa misitu ya milimani, kama vile Usambara na Mlima Kenya, juu kabisa ya miti mirefu, na watu wengi hupita chini yake maisha yao yote wasimwone. Yuko na ndugu yake mwenye kisogo cheupe, wa misitu ya mashariki ya Kongo na magharibi ya Uganda, aliyeandikwa mwaka 1911. Yeyote kati ya hawa wawili kuonekana Gwasi lingekuwa jambo kubwa. Nikaanza hata kuitunga kichwani barua ya kulipelekea gazeti.

Nikamwambia mwenyeji wangu. Yeye alikuwa amekaa juu ya jiwe akitafuna muwa.

"Mdomo wake ni wa rangi gani?" akaniuliza.

"Sikuuona, Mzee."

"Na miguu?"

"Sikuiona."

"Amelia?"

"Hakulia."

"Jua lilikuwa wapi?"

"Lilikuwa nyuma yake."

"Basi wewe umeona kivuli chenye mabawa," akasema. "Tulale, mgeni wangu. Kesho tutakuja jua likiwa mgongoni mwetu."

Asubuhi tulirudi na mapema. Mwanga ukauangukia mkuyu, na pale juu nikawaona wote waliokuwapo. Walikuwa ndege sita, nao hawakuwa weusi. Walikuwa kijani kibichi kilichochanganyika na manjano, wana mapaja ya manjano kana kwamba wamevaa suruali, doa la zambarau begani, na mdomo mweupe wenye wekundu shinani. Walitambaa juu ya matawi kama kasuku, mmoja akaning'inia kichwa chini akichuma kuyu. Kisha wakalia, nao hawakulia kama njiwa anavyolia, bali kwa sauti ya kukoroma na kuchekacheka ambayo ukiisikia mara moja huisahau. Hao walikuwa ninga. Ama doa jeupe la jana, lilikuwa ni upenyo wa mbingu baina ya majani mawili.

MASHARTI YA USHAHIDI

Watu hufikiri kwamba kumtambua ndege adimu ni kazi ya macho makali. La, si hivyo. Macho makali ni msaada, lakini kazi yenyewe ni ya mtu kujizuia. Njiwa wa msituni wana hila za kumpoteza mtazamaji. Ninga akisikia mguu wa mtu hukaa kimya juani mwa majani, na kwa kuwa rangi yake ni ya jani, unaweza kuusimamia mti wenye ndege ishirini ukaapa kwamba hauna hata mmoja. Akiruka, huruka kwa kishindo na kwa kasi, ukaona mgongo tu. Njiwa wengine hukaa chini ya msitu penye giza wakitembea juu ya majani makavu, nao hujulikana zaidi kwa mlio kuliko kwa sura.

Basi masharti ni machache. La kwanza, jua liwe nyuma yako wala lisiwe nyuma ya ndege. La pili, utazame sehemu ambazo hazidanganyi: mdomo, ngozi inayozunguka jicho, miguu, shingo na mkia. Njiwa wa milimani mwenye mdomo na miguu ya manjano si yule mwenye madoa meupe bawani na wekundu mzunguko wa jicho, ambaye hukaa hata juu ya mapaa ya maduka mijini. Lakini wote wawili wakiwa mbali, machoni pa mtu mwenye haraka ni kitu kimoja. La tatu, usikilize. La nne, uangalie anakula nini, yuko pamoja na nani, na yuko juu kiasi gani. La tano, uandike uliyoyaona kabla ya kufungua kitabu, kwani ukishaiona picha, macho yako yataanza kukumbuka mambo ambayo hayakuyaona. La sita, mwenzako aandike yake mbali nawe, kisha mlinganishe. Siku hizi pana na simu ya mkononi, inayopiga picha na kunasa sauti, nayo ni shahidi mzuri. Lakini hata simu hunasa kivuli ikiwa aliyeishika ana pupa.

Na sharti kubwa kuliko yote ni mtu kukubali kusema: "Sikumtambua." Neno hili ni zito midomoni mwetu. Mtu yu radhi kukosea kwa sauti kubwa kuliko kutojua kwa sauti ndogo. Wapenzi wa ndege wa kweli, kila nchi, hupima heshima ya mtu kwa idadi ya mara alizosema neno hilo.

Tena haya si mageni kwetu. Sote tulikisikia chuoni kisa cha Nabii Suleiman na hud-hud. Ndege yule alikuja na habari kubwa za Saba na malkia wake, naye alisema ana habari za yakini. Pamoja na hayo Suleiman hakumkubalia papo hapo. Alisema atatazama kama amesema kweli au ni mwongo, akampa barua ya kupeleka. Huo ndio uchunguzi wa ushahidi.

MAJINA YALIYOKWENDA WAPI?

Lakini katika kisa kile kile pana jambo la pili, ambalo mimi kwa miaka mingi nililipita bila ya kulitazama. Kabla ya hud-hud kuleta habari, Suleiman aliwakagua ndege, akauliza mbona hamwoni hud-hud. Ndege wote wale, na akajua ni yupi asiyekuwapo! Huwezi kumkosa usiyemjua kwa jina.

Niliporudi Mombasa niliwauliza vijana wa mtaani kwetu, waliokuwa wamekaa barazani, kama wanamjua ninga. Mmoja alidhani ni samaki. Nikawauliza pugi. Wakacheka. Nikawauliza tofauti ya hua na tetere. Wakasema, "Wote si njiwa tu, mjomba?"

Sikuwalaumu. Lakini ilinisikitisha, maana lugha hii haikuwa na njiwa tu. Ilikuwa na ninga wa kijani, ilikuwa na pugi mdogo, na tetere, na hua, na njiwa manga anayefugwa. Na bibi zetu waliwatofautisha kwa mlio tu, wamekaa jikoni wakikuna nazi. Pugi wa pwani ana mdomo wa rangi ya kiza na vidoa vya kijani bawani. Wa kule ziwani ana mdomo mwekundu wenye ncha ya manjano, na vidoa vyake ni vya buluu. Mwenye kumjua pugi wake wa nyumbani, siku atakapofika Homa Bay atashtuka na kusema: "Huyu ni pugi, lakini si pugi wetu." Mshtuko huo ndio mwanzo wa elimu. Asiyekuwa na neno pugi hatashtuka kamwe.

Hata huko ziwani mambo ni hayo. Kijaluo kina neno akuru, na vijana siku hizi hulitumia kwa kila chenye sura ya njiwa. Na Wasuba wa Gwasi, Rusinga na Mfangano, ambao lugha yao imezidi kumezwa na Kijaluo hata wasemaji wamekuwa wachache, majina yao ya ndege yatakwenda pamoja na lugha yenyewe wasipowahi kuyaandika.

NINGA WA PEMBA

Atakayeona kwamba nalikuza jambo dogo, na atazame Pemba. Wapemba walimjua ninga wao tangu enzi na enzi. Walimwona katika msitu wa Ngezi, kaskazini ya kisiwa, na kwenye mikuyu na miti mingine ya matunda mashambani. Lakini katika vitabu vya wataalamu hakuwako peke yake mpaka mwaka 1940, alipoandikwa na Pakenham, ofisa wa serikali ya wakati ule, kwamba huyu si yule wa bara. Ninga wa bara ni kijani chenye manjano mwili mzima. Wa Pemba ana kijivu kichwani na kifuani, na kijani chake kiko mgongoni na mabawani. Hapatikani popote pengine ulimwenguni ila kisiwa kile, naye ni mmoja wa ndege wanne wa Pemba wenye sifa hiyo, pamoja na bundi mdogo, chozi na kijicho-cheupe wake.

Tazama basi. Ndege yule alikuwa juu ya vichwa vya watu kila siku, wengine wakimla kwa mchuzi, na ulimwengu ukimhesabu kuwa ni ninga tu. Leo amewekwa katika orodha ya walio hatarini, kwa kuwa misitu ya Pemba ilifyekwa tangu karne ya 19 kupisha mikarafuu, na Ngezi ni masalio tu ya msitu mkubwa wa zamani. Kama asingetambuliwa kuwa ni yeye peke yake, angekwisha tukasema: "Hapana hasara, ninga wako tele bara."

Wala sisemi kwamba jicho la mgeni ndilo lenye thamani na la mwenyeji halina. Ni kinyume chake. Mwaka 2022, katika kisiwa cha Fergusson huko Papua New Guinea, wataalamu walikwenda kumtafuta njiwa mmoja wa msituni ambaye hakupata kuthibitishwa na wanasayansi tangu mwaka 1882, yaani miaka 140. Walihangaika milimani wiki kadha pasipo dalili. Waliomjua walikuwa wawindaji wa vijijini, wakawaelekeza mahali pa kutega kamera, na katika siku za mwisho za safari akanaswa katika picha, akitembea chini ya msitu na kuutikisa mkia wake. Mwindaji alikuwa na habari, na kamera ikawa na ushahidi. Kila mmoja alimhitaji mwenzake.

MKUYU WA MTO KUJA

Kutoka Gwasi tulikwenda Migori. Mzee alitaka nimwone ninga katika mkuyu mwingine kando ya mto Kuja, ambako ujanani mwake, alivyosema, walikuja kwa mamia. Tulipofika tulikuta kisiki. Kilikuwa kipana, watu wanne wangeweza kukikalia na kula.

Sehemu nyingi za Migori watu hulima tumbaku, na tumbaku hukaushwa bandani kwa moto wa kuni. Kuni hizo hutoka wapi? Kijana aliyekuwa akilisha mbuzi pale alituambia bila ya aibu kwamba mti ulikatwa na jamaa zake kwa kazi hiyo, na fedha zililipa karo ya shule. Nitamwambia nini kijana huyu? Nimhubirie habari za njiwa na hali mimi karo ya wanangu imelipwa?

Hapa ndipo wapo watakaonipinga, na hoja yao si nyepesi. Watasema: Watu wanatafuta riziki, na wewe umekuja na darubini. Nami nasema, kweli, riziki ni mbele. Lakini mkuyu ule haukuwa wa ninga pekee. Mizizi yake ilishika ukingo wa mto, na pale uliposimama sasa udongo umemeguka ukaingia majini. Kivuli chake kilikuwa mahali pa wanawake kupumzika na ndoo zao. Karo ya mwaka mmoja imelipwa, lakini mti wa namna ile haukui kwa mwaka mmoja wala kumi. Anayenunua tumbaku na kupata faida kubwa kuliko mkulima ndiye wa kwanza kuulizwa kuni zinatoka wapi, na kama hazitoki katika miti iliyopandwa kwa kazi hiyo, alipe. Kijana wa mbuzi ni wa mwisho kuulizwa.

Mimi nilitaka kuandika mara moja kwamba ninga wa Migori wamekwisha. Lakini nikajikumbuka nilivyoaibika Gwasi. Ninga ni ndege wa kuhamahama, huyafuata makuyu popote yaivapo. Mti mmoja kuwa mtupu si ushahidi kwamba nchi ni tupu. Wala kumbukumbu ya Mzee ya mamia ya ndege si hesabu, kwani ujana hukuza kila kitu. La kweli ninaloweza kulisema ni kwamba pale tuliposimama hapakuwa na mti, na hapakuwa na ndege, na hapakuwa na daftari la mtu yeyote la kutuambia palikuwa na wangapi. Hilo la mwisho ndilo lililoniuma zaidi. Katika kaunti hiyo hiyo ya Migori liko boma la Thimlich Ohinga, lenye kuta za mawe yaliyopangwa pasipo udongo wala saruji, ambalo mwaka 2018 liliingizwa katika urithi wa dunia. Ni heshima inayostahili. Lakini jiwe lilipata heshima hiyo kwa kuwa watu walilipima, wakalipa jina na kuliandika. Mkuyu wa Kuja haukuandikwa na yeyote.

LA KUFANYA

Sipendi makala ya kulia tu. Hapo Pemba pana mfano wa kututia moyo. Popo mkubwa wa Pemba, ambaye naye ni wa kisiwa kile peke yake, alikaribia kutoweka mwishoni mwa miaka ya 1980. Wanakijiji wa mahali kama Kidike walipoamua kumlinda katika miti yao, alirudi kwa maelfu.

Basi naona yafaa mambo matatu. Kwanza, walimu wetu, wa shule na wa vyuo, wawatake watoto walete kila mmoja jina moja la ndege kutoka kwa bibi au babu yake, na sifa zake: rangi, mlio, chakula, mti. Majina hayo yaandikwe, ya pwani na ya ziwani, kabla ya wenye kuyajua kutangulia mbele ya haki. Pili, kila mtaa na kila kijiji kiwe na mti mmoja wa matunda ya porini usioguswa, na awepo mtu wa kuuhesabia ndege wake mara moja kwa mwezi. Haihitaji fedha, inahitaji uaminifu. Tatu, anayedai kamwona ndege adimu asidharauliwe wala asiaminiwe ovyo. Aulizwe.

Marekani walikuwa na njiwa wa porini waliohesabiwa kwa mabilioni, makundi yao yakilifunika jua. Nani angehangaika kumwandika njiwa wa namna hiyo? Wa mwisho wao alikufa katika bustani ya wanyama ya Cincinnati, tarehe 1 Septemba 1914. Hakuanza kwa kuwa adimu. Alianza kwa kuwa njiwa tu.

Juzi Mzee alinipigia simu kutoka Homa Bay. Alikuwa amekwenda tena kwenye mkuyu wa Gwasi. Akaniambia ilikuwa saa moja asubuhi, jua liko mgongoni mwake, hapana wingu. Amewaona ninga wanne, ameona midomo yao na suruali zao za manjano, na wawili amewasikia wakilia.

"Na wa tano?" nikamwuliza kwa tamaa.

"Palikuwa na kitu nyuma ya majani," akasema. "Sikukiona vizuri. Usimwandike."